Yafungua, Mama

Watu wa kwetu Shella wakikupenda hukuita kwa kazi yako. Mimi nilikuwa Abdillahi wa Dawa, na jina hilo nililivaa kama kanzu mpya. Mwaka wa themanini na nne nilikuwa na miaka ishirini na saba, nimeoa miaka miwili, na nilikuwa nimeshafanya kazi miaka mitano katika duka la dawa la Bwana Gitau, karibu na soko la Malindi. Aliyekuwa na kidonda, minyoo au kichwa kinachogonga alinijia mimi, na mimi nilimjibu kabla hajamaliza kueleza. Nilidhani kujibu upesi ndiko kujua. Siku hizi nikimwona kijana anajibu upesi mkono huniwasha, lakini nakumbuka nani alistahili kofi la kwanza.

Bwana Gitau alikuwa mtu wa Murang'a, mfamasia aliyeisomea kazi yake kweli, mchache wa maneno. Rafu ya dawa za kikohozi aliigawa mafungu mawili, akatulazimisha mimi na mwenzangu Musembi tujue tofauti zake hata tukiulizwa usingizini. Fungu la kwanza lilikuwa la dawa zenye gwaifenesini. Hiyo haikati kikohozi. Kazi yake ni kuyafanya makohozi mazito yawe mepesi, yapande, yatoke, ndiyo maana anayeinywa huenda akakohoa zaidi siku za mwanzo. Tena sharti anywe maji mengi, kwani pasipo maji haina cha kulainishia. Kwa watu wengi ni dawa salama, mradi mtu asizidishe vijiko, maana akizidisha hushikwa na kichefuchefu na kizunguzungu. Na kikohozi cha wiki tatu, au chenye damu, Bwana Gitau alituonya tusikiuzie chupa hata tukibembelezwa. Hicho ni cha kupelekwa hospitali kikapimwe.

Fungu la pili lilikuwa la kodini. Hiyo hupanda kichwani ikakiambia kikohozi kinyamaze. Humfaa mwenye kikohozi kikavu kinachomkosesha usingizi, lakini kwa kifua kilichojaa ni mbaya, na kwa mtu mzima aliyekula miaka mingi ni mbaya zaidi, kwa sababu humlaza na kumpunguzia pumzi.

"Kikohozi ni mfagiaji," Bwana Gitau alikuwa akituambia. "Ukimfukuza mfagiaji na taka bado ziko ndani, utalala na taka."

Maneno yote hayo nani angekuwa na wakati wa kumwambia kila mteja? Tukayafupisha. Dawa ya gwaifenesini tuliiita ya kufungua, na ya kodini tuliiita ya kufunga. Mimi nilisema, "Hii yafungua, hii yafunga." Musembi, ambaye ni Mkamba wa Kitui na alikuwa amepanga chumba Muyeye, alisema, "Hii inafungua, hii inafunga." Tofauti yetu ilikuwa hiyo tu. Kwa miezi kumi na mmoja ya mwaka maneno hayo hayakumdhuru mtu.

Mwaka huo Ramadhani iliangukia mwezi wa Juni. Upepo wa kusi ulikuwa umeshika, manyunyu hayaishi, na nusu ya mji ilikuwa ikikohoa. Siku ya kumi na moja ya mfungo, baada ya adhuhuri, nikamwona mama mkwe wangu, Bi Tumu, amesimama kwenye foleni nyuma ya watu watatu, buibui lake limelowa mabegani.

Niseme kidogo jinsi tulivyokuwa mimi naye, kwa sababu bila ya hilo mtu atasema sote wawili tulikuwa wajinga. Kwetu mtu na mama mkwe wake huheshimiana kwa mbali. Kwa miaka miwili mazungumzo yetu yalikuwa ni salamu, hali, na mvua. Akiwa na haja nami alimwambia mke wangu, Shekha, na Shekha akaniambia mimi. Nikiwa na jibu, lilirudi kwa njia ile ile. Siku hiyo Shekha alikuwa Mambrui kwenye msiba wa jamaa zao, na angekaa huko siku tatu. Basi Bi Tumu akaja mwenyewe, na najua hatua zile zilimwia nzito.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo, alhamdulillahi. Saumu yaendaje?"

"Twashukuru Mungu."

Akakohoa ndani ya buibui. Nilikisikia kikohozi chenyewe, kizito, kimetoka chini kabisa. Ingekuwa ni mtu mwingine ningemuuliza ana siku ngapi, makohozi yana rangi gani, kifua kinamchoma akivuta pumzi, usiku ana homa. Lakini utamuulizaje mama mkwe wako rangi ya makohozi yake, tena mwezi wa Ramadhani, tena watu nyuma wamekutegea masikio? Niliona haya. Nilichukua chupa ya gwaifenesini, nikaifunga ndani ya karatasi.

"Vijiko viwili vya chai, mama, mara tatu. Ukishafuturu, kabla ya kulala, na wakati wa daku. Na maji kwa wingi."

Akaipokea. Kisha akainamisha kichwa, akapunguza sauti ili wale wa nyuma wasisikie.

"Na hii, Abdillahi, yafungua?"

"Yafungua sana, mama. Ndiyo kazi yake."

Akanitazama. "Hata nikiinywa usiku?"

"Hata ukiinywa usiku. Mchana wake ndipo utakapoiona."

"Haya," akasema, akaenda zake.

Aliyezaliwa pwani hahitaji kuelezwa zaidi, lakini mimi niliyezaliwa pwani sikuelewa, kwa hiyo acha nieleze. Katika mwezi ule, neno kufungua halina maana mbili kwetu. Umefunga, umefungua. Saumu ipo, saumu imekwisha. Mama yule alikuwa akiniuliza kama dawa ile itaharibu saumu yake, na mimi, mkwewe, mtoto wa Shella niliyesoma chuo cha Kurani, nilimjibu kwa furaha kwamba itaiharibu sana.

Mengine haya alinieleza baadaye. Kunirudishia chupa mbele ya watu aliona ni kunivunjia heshima, akaichukua. Alipofika kwake akajiambia labda hakusikia vizuri, akainywa vile vile nilivyomwagiza. Asubuhi yake akaenda nyumba ya jirani, ambako wanawake wa mtaa walikuwa wakikutana kusoma juzuu za Kurani. Dawa ikafanya kazi. Makohozi yakalainika, yakapanda, yakafika kinywani. Hapo palikuwa na wanawake kumi na tano, wamekaa magoti kwa magoti, na kuinuka kwenda kutema mbele ya hadhara hiyo hakukuwezekana kwa mtu kama Bi Tumu. Akameza.

Na sisi tuliosomeshwa kwa madhehebu ya Shafii twajua tangu utotoni kwamba kohozi likishafika kinywani, na mtu aweza kulitema, akalimeza kwa hiari yake, saumu imeharibika. Bi Tumu alilijua hilo kuliko mimi. Akakaa pale na msahafu mapajani, akijua kwamba hana saumu, na kwamba mkwewe alimwambia. Siku ya pili ikawa vile vile, na ya tatu.

Siku ya kumi na nne akarudi dukani. Mimi nilikuwa nimekwenda msikitini kuswali adhuhuri, na alikuwa ameichagua saa hiyo makusudi ili asinikute. Musembi ndiye aliyekuwa nyuma ya kaunta.

"Mwanangu," akamwambia, "mwenzio alinipa dawa ya kikohozi inayofungua. Na mimi nimefunga. Naitaka ile isiyofungua."

"Basi chukua hii, mama. Hii inafunga."

"Yafunga kweli?"

"Inafunga kabisa."

Musembi si mtu mbaya. Aliulizwa, akajibu, na jibu lake lilikuwa kweli kama langu. Akampa chupa kubwa ya kahawia ya kodini, akamwambia kijiko mara tatu. Hakumwambia kijiko gani. Bi Tumu akatumia kijiko cha wali, na mara tatu zote akazipanga ndani ya usiku, magharibi, baada ya tarawehe, na daku, kwa kuwa mchana amefunga. Dawa ya kutwa nzima ikawa inaingia mwilini mwake kwa saa kumi, kwa kijiko mara tatu ya kile kilichokusudiwa. Usiku wa pili kikohozi kikanyamaza. Mfagiaji akafukuzwa.

Siku ya kumi na saba Shekha, aliyekuwa amesharudi kutoka Mambrui, akaniambia tumealikwa kufuturu kwa mamake. Wanaume tulikaa ukumbini, mimi na shemeji yangu Seif na jirani mmoja. Palikuwa na uji wa pilipili manga, mbaazi za nazi na kaimati zilizolowa shira. Tulipomaliza nikaisikia sauti ya Bi Tumu nyuma ya pazia, nyembamba kuliko kawaida yake.

"Abdillahi, Mungu akuzidishie. Kikohozi kimekatika."

Hakusema ni kwa chupa gani. Hakutaka kunitia aibu mbele ya Seif kwamba dawa yangu ilimshinda. Na mimi, je, nilijiuliza? Gwaifenesini haikati kikohozi, wala haikinyamazishi kwa siku chache. Hilo ndilo somo la kwanza nililofundishwa. Badala ya kujiuliza nilijinyoosha nikawapa Seif na jirani mhadhara. Niliwaeleza kwamba asili ya dawa hiyo ni utomvu wa mti wa visiwa vya mbali, mti wenye mbao ngumu hata shoka hulia, na kwamba kujua dawa gani ya kumpa nani ni elimu. Seif alitikisa kichwa kwa kustaajabu. Shekha, alipokuja kuondoa vyombo, alinitupia jicho la fahari. Jicho hilo lilinifurahisha siku mbili nzima.

Siku ya kumi na tisa Shekha akaniambia, "Mama alala sana. Jana hakwenda tarawehe. Na daku Seif asema alimwamsha mara tatu."

"Saumu ya kusi yachosha," nikasema. Upesi, kama kawaida.

Siku ya ishirini, yapata saa kumi na robo alasiri, Seif akaja dukani anahema, kofia iko mkononi. Akaniita nje. "Shekha asema uje. Mama hapumui vizuri."

Tulikwenda mbio. Chumba cha kulala cha mama mkwe wangu sikuwahi hata kukitupia jicho, na nilipofika nikasimama kizingitini. Nikawa nasikia. Pumzi yake ilikuwa fupi, na ndani yake kulikuwa na sauti ya maji, kama mtungi unaojazwa polepole. Hakukuwa na kikohozi. Mtu mwenye kifua kile alistahili kukohoa mpaka kuta zitikisike, naye alikuwa amelala kimya, midomo imepoteza rangi.

"Dawa anayokunywa iko wapi?" nikamuuliza Shekha.

Akaingiza mkono chini ya mto, akanipa chupa mbili. Ya gwaifenesini ilikuwa imebaki nusu. Ya kodini ilikuwa imebaki vidole viwili.

Niliitazama ile chupa ya kahawia yenye karatasi ya duka letu na mwandiko wa Musembi, nikaliona jibu langu la siku ya kumi na moja limesimama mbele yangu na meno yake yote. Hata hivyo sikulijua bado lote. Nilidhani mama hakuona nafuu, akaja kutafuta nyingine.

"Seif, nenda kwa Bwana Gitau, mwambie alete pikapu. Mwambie ni kodini." Kisha nikavua viatu, nikaingia chumbani. Shekha akaniangalia kama mtu aliyemwona mumewe akipita uchi sokoni. Tulimwinua Bi Tumu pamoja, tukamwegemeza kwa mito akae wima. Alifumbua macho, akaniona, na mkono wake ukatafuta mtandio wa kujifunika.

"Mama," nikasema, "wanisikia?"

"Nakusikia."

"Hii dawa imekulaza kifua. Makohozi yamejaa ndani. Yataka unywe maji, ukohoe, kisha twende hospitali."

Akafumba macho tena. "Magharibi i karibu."

"Zimesalia saa mbili, mama."

"Nitangoja adhana."

"Mama, saa mbili ni nyingi."

"Kumi la mwisho laingia leo usiku," akasema, na kila neno alilitafutia pumzi yake. "Zangu zishaharibika tatu. Hii siharibu."

"Zimeharibikaje?"

Shekha akapiga magoti upande wa pili wa kitanda. "Mama, mwambie. Mficha maradhi kifo humuumbua."

"Ile yako ya kwanza," Bi Tumu akaniambia. "Ilifungua. Kama ulivyosema."

Hapo ndipo nilipoelewa. Nikakaa chini sakafuni, karibu na mguu wa kitanda, mahali ambapo mkwe hakai.

"Mama, niliposema yafungua, nilikusudia kifua."

"Kifua?"

"Kifua. Huyafungua makohozi yatoke. Saumu sikuitaja. Haikunipitia hata kichwani."

Alinigeukia. Kwa mara ya kwanza tangu nimuoe bintiye tulitazamana macho kwa macho. Nikaona mabega yake yanatikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka. Hakuwa na pumzi ya kucheka kwa sauti, alicheka kwa mabega tu, na kicheko kile kikashuka mpaka chini kifuani kikaenda kukiamsha kikohozi. Kikaja kimoja, dhaifu. Kikaja cha pili. Cha tatu kikamkunja.

Nikanyakua kopo la maziwa ya unga lililokuwa dirishani, nikamshikia chini ya kidevu. "Tema, mama."

Akatikisa kichwa. Kinywa kimejaa, macho yamemtoka, na bado anatikisa kichwa, kwa sababu aliyeshika kopo ni mkwewe.

"Tema, mama. Mimi ni mwanao. Ukilimeza, saumu itakwenda na pumzi itakwenda."

Akatema. Yalikuwa mazito, ya rangi ya kutu, na jibu la swali nililoona haya kumuuliza siku tisa nyuma lilikuwa ndani ya lile kopo. Akakohoa tena, akatema tena, na Shekha akawa anampigapiga mgongo huku machozi yanamtiririka. Aliponyamaza nikaomba maji. Shekha akaleta bilauri.

"Kunywa, mama. Mungu hamdai mgonjwa asichokiweza. Utazilipa ukipona."

"Na kama nilikuwa nikiweza?" akauliza. "Dhambi ya nani?"

"Yangu. Naibeba mimi."

Alinitazama akipima, kama anavyopima mtu samaki mnadani. Kisha akakamata bilauri kwa mikono miwili, akasema bismillahi, akanywa kidogo kidogo. Ilikuwa saa kumi na moja kasoro dakika tano. Nje pikapu ya Bwana Gitau ilikuwa inapiga honi.

Hospitali walisema ni kichomi, tena cha pande zote mbili. Walimpa hewa ya mtungi na sindano za penisilini asubuhi na jioni. Daktari alipoiona ile chupa ya kahawia alituambia, bila kupandisha sauti, kwamba siku moja au mbili mbele angelala asiamke. Siku ya kwanza na ya pili hatukujua kama atapona. Siku ya tatu akaitisha chai, akasema haina tangawizi, nasi tukajua amerudi.

Shekha hakusema nami mpaka siku hiyo ya chai. Tulikuwa tumesimama kwenye varanda ya wodi. "Uliona haya kumtajia mamangu makohozi," akasema. "Lakini hukuona haya kupokea sifa." Akaingia ndani. Nimeoana naye miaka mingi sasa, ameshanisamehe mengi, na sentensi ile hajaifuta wala mimi sijamwomba.

Dukani Bwana Gitau alitaka kumwachisha kazi Musembi. Nikamwambia kosa lilianzia kwenye ulimi wangu, na kwamba Musembi aliulizwa kwa neno langu. Bwana Gitau, ambaye si Mwislamu na hakuwa amewahi kulifikiria jambo hilo, aliniamuru nimweleze maana zote za kufunga na kufungua. Nilipomaliza alivua miwani, akaifuta. Kisha akazihamisha chupa zote za kodini kwenye kabati lenye kufuli, zisitoke bila cheti cha daktari. Akatuagiza kila mwenye kikohozi aulizwe maswali yote, na akiona haya apelekwe kwenye chumba cha nyuma akaulizwe huko.

"Na mkifungua midomo yenu," akasema, "semeni mnafungua nini."

Mwezi uliandama kwa ishirini na tisa. Bi Tumu alitoka hospitali siku ya Idd Mosi, na daktari akamkataza kufunga kwa mwezi mzima. Alipopata ruhusa akaanza kulipa deni lake, siku moja moja, Jumatatu na Alhamisi, mchana wa kawaida ambao mji mzima unakula. Nami nikawa napita kwake magharibi ya siku hizo na tende au dafu. Mara ya kwanza aliniwekea sinia ukumbini peke yangu. Mara ya tatu pazia lilikuwa limefungwa pembeni kwa uzi, na yeye ameketi upande wa pili wa mkeka, akinieleza mgogoro wake na muuza samaki. Akishikwa na kikohozi alikohoa, akatema katika kopo lake, akaendelea na hadithi. Nilifurahi mno. Nilijiambia kwamba maji yameshamwagika na yameshakauka, mama amenisamehe na mambo yamekuwa mazuri kuliko yalivyokuwa.

Jioni moja, tulipomaliza tende, aliweka kikombe chini akasema, "Alhamdulillahi. Leo zimekwisha. Kumi na tatu."

Nilipiga hesabu. Tangu siku ya ishirini mpaka ya ishirini na tisa. "Ni kumi, mama. Umezidisha."

"Sikuzidisha," akasema, hana hasira, anachagua miiba kwenye samaki wake. "Kumi zangu. Tatu zako."

Jibu la upesi lilinijia, kwamba sheria ina nafasi kwa mwenye udhuru, kwamba ningeweza kumuulizia mwalimu. Nililimeza. Alikuwa amekaa siku tatu nyumba ya jirani, msahafu mapajani, akijua hana saumu kwa sababu mimi sikumuuliza neno moja, na siku tatu nyingine amekaa na njaa kuzilipa, na mimi kila magharibi nimekuja na tende zangu nikila naye kwa furaha.

"Nisamehe, mama," nikasema.

"Nipe maji," akasema. Nikammiminia, akanywa yote, akanirudishia bilauri.